Mgongo wa Siegfried na Mkono wa Mugwe: Mjadala wa Muthara Kuhusu Mchoro

Miongoni mwa matukio ya masimulizi ya kale ya Wajerumani yaliyovutia wachoraji kwa muda mrefu ni kuuawa kwa shujaa Siegfried kando ya chemchemi. Tukio hilo limo katika Nibelungenlied, utendi wa beti zaidi ya 2,300 uliotungwa karibu na mwaka 1200 na mtunzi asiyejulikana jina, ambao ulisahaulika kwa karne kadhaa hadi nakala yake ilipogunduliwa mwaka 1755 katika maktaba ya Hohenems, mji wa Austria ya leo. Nakala iitwayo Hundeshagen, iliyoandikwa katika karne ya 15, ina michoro 37 ya rangi. Katika karne ya 19 Peter Cornelius aliuchorea utendi huo mfululizo wa michoro ya kalamu, naye Julius Schnorr von Carolsfeld akaupaka kwenye kuta za kasri la Munich kwa fresko, yaani uchoraji unaofanywa juu ya plasta mbichi ili rangi ikauke pamoja na ukuta.

Mjadala ufuatao umewekwa Muthara, katika Tigania Mashariki, Kaunti ya Meru, kwenye miteremko ya milima ya Nyambene, na hoja yake ni kama mwanafunzi wa sanaa wa eneo hilo anapaswa kufundishwa kuchora tukio hilo la Kijerumani au kuanza na masimulizi ya kwao. Sauti nne zinazoshindana hapa zimebuniwa kwa ajili ya hoja: Mchoraji, Mtafiti wa fasihi ya Kiswahili, Mwalimu wa historia, na Mzee wa Njuri Ncheke, yaani baraza la wazee wa Wameru ambalo makao yake yako Nchiru. Matukio, kazi na tarehe zinazotajwa ni za kweli.

MCHORAJI: Kabla ya kuuliza hadithi ni ya nani, ni vyema kutazama mchoro wa tukio hili unavyojengwa. Siegfried alioga katika damu ya joka alilolichinja, na ngozi yake ikawa ngumu isiyopenyeka, ila jani moja la mti uitwao linden lilidondoka likakaa kati ya mabega yake, na hapo damu haikufika. Mkewe, Kriemhild, akidhani anamlinda, alimfunulia Hagen, mtumishi wa Mfalme Gunther aliyekuwa kaka yake, siri hiyo kisha akashona alama ya msalaba kwenye vazi la mumewe mahali penyewe, ili Hagen ajue pa kumkinga vitani. Siku ya kuwinda, divai haikuletwa, wawindaji wakashikwa na kiu, na Siegfried akawashinda wote kwa mbio hadi chemchemini. Lakini hakunywa, bali aliweka silaha chini na kumsubiri Mfalme Gunther anywe kwanza. Alipoinama kwa zamu yake, Hagen alikwisha kuuondoa upinde na upanga, akauchukua mkuki wa Siegfried mwenyewe na kuupitisha katika ule msalaba.

Mchoraji wa tukio hili ana vitu vitatu vya kupanga katika mstari mmoja: ncha ya mkuki, alama ya vazi na maji. Jicho huanzia kwenye mkono wa Hagen, likafuata mkuki, likatua mgongoni. Zoezi hili humfundisha kijana jinsi mstari mmoja unavyoweza kubeba hadithi nzima, na mafunzo hayo hayana kabila.

MWALIMU WA HISTORIA: Mstari huo, Mchoraji, ulibeba zaidi ya hadithi. Mwaka 1918 Ujerumani iliposhindwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wakubwa wa jeshi walikataa kukiri kwamba walishindwa vitani, wakaeneza dai kwamba jeshi lilichomwa kisu mgongoni na raia wa nyumbani. Jemadari Paul von Hindenburg, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1920, alilifananisha jeshi hilo na Siegfried aliyeangushwa na mkuki wa Hagen. Dai lilikuwa la uongo, lakini lilikuwa na picha tayari, kwa kuwa kila Mjerumani aliyepita shule aliujua mgongo ule na alama ile. Wanazi waliokuja baadaye walilitumia dai hilo dhidi ya Wayahudi na wapinzani wao wa kisiasa.

Wala jambo hilo halikuishia Ulaya. Paul von Lettow-Vorbeck, aliyeongoza majeshi ya Wajerumani katika Afrika Mashariki, aliweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kusimamishwa Ulaya, na mwezi Machi mwaka uliofuata akapita Berlin kwa gwaride kama jemadari asiyeshindwa. Katika picha hiyo ya ushujaa hawakuonekana wapagazi wa Kiafrika wa pande zote mbili waliokufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa, kuhara damu na uchovu, ambao kumbukumbu yao imebaki katika jina la Kariakoo la Dar es Salaam na Kariokor la Nairobi. Mwanafunzi wa Muthara akipewa mgongo wa Siegfried kama zoezi tupu la mstari, anapewa silaha bila kuambiwa imewahi kumuua nani.

MCHORAJI: Hoja ya Mwalimu ni nzito, ila inathibitisha haja ya kuufundisha mchoro, kwa maana asiyejua picha inavyomshika mtazamaji ndiye anayeshikwa kirahisi. Na kuna jambo moja ambalo hata Hindenburg hakulitaja. Alama ya msalaba iko mgongoni, na mgongo hauonekani isipokuwa na aliye nyuma. Kwa hiyo mchoraji anayetaka alama ionekane humsimamisha mtazamaji nyuma ya Siegfried, upande ule ule wa Hagen. Anayeutazama mchoro huo huku akimlilia shujaa amesimama mahali pa muuaji, anakiona kile muuaji anachokiona, na shujaa peke yake ndiye asiyekiona. Mwanafunzi akilitambua hilo, hatadanganywa tena na picha ya mgongo.

MTAFITI: Hapo ndipo fasihi ya Waswahili inapohitaji kuitwa barazani, kwa sababu pwani ya Kenya ina ndugu yake Siegfried. Fumo Liyongo, shujaa na mshairi anayehusishwa na Pate, Shaga na mwambao wa Ozi, naye hakudhuriwa na silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ikipenya kitovuni. Mtawala aliyemhofia alimfunga gerezani, naye akatoroka kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa ulioletwa na mjakazi Saada. Waliposhindwa kumuua kwa hila za watu wazima, walimrubuni mwanawe kwa ahadi ya kuozwa binti wa mtawala, na kijana akamwuliza baba yake siri ya mauti yake. Liyongo alitambua kwamba mwanawe ametumwa, na bado akamwambia.

Masimulizi hayo yalichapishwa na Edward Steere mwaka 1870, na utenzi wake uliandikwa Lamu mwaka 1913 kwa mkono wa Muhammad Kijumwa, mwandishi wa khati na mchongaji wa mbao, aliyewaandalia miswada wataalamu wa Ulaya, akiwamo Mjerumani Ernst Dammann. Isitoshe, Witu, iliyo jirani na nchi ya Liyongo, ilikuwa chini ya himaya ya Ujerumani kuanzia 1885 hadi 1890. Na mji wa Bayreuth, ambako Richard Wagner alizindua mwaka 1876 tamasha la opera zake zenye Siegfried, leo una chuo kikuu kinachokutanisha wataalamu wa Kiswahili kila mwaka. Mashujaa hawa wawili, basi, wamekaa jirani kwa muda mrefu kuliko inavyodhaniwa.

MWALIMU WA HISTORIA: Ujirani wa makavazi si ujirani wa maana, Mtafiti. Mfanano wa siri ya mwili na usaliti wa mtu wa nyumbani hupatikana katika mataifa mengi. Swali ni kama mfanano huo unamsaidia mchoraji au unampumbaza.

MTAFITI: Unamsaidia, Mwalimu, pale mashujaa hao wanapoachana. Liyongo alichomwa usingizini, akaamka, akashika upinde na mishale, akatoka hadi kando ya kisima, akapiga goti moja, akavuta uzi na mshale ukiwa tayari, akafa katika hali hiyo. Watu wa mji waliotaka kuteka maji walimwona amelenga, wakarudi nyuma. Ilipita siku baada ya siku bila mtu kusogea, hata mama yake akaombwa aende kumbembeleza, naye aliimba akimsihi mwanawe aliyekwisha kufa. Siri ilifichuka pale mwili ulipoanguka wenyewe.

Hadithi zote mbili zinamuua shujaa penye maji, lakini Siegfried anakufa akiwa ameinama kunywa, mgongo wazi, ilhali Liyongo anakufa akiwaelekea wauaji wake na kuwanyima maji. Kwa mchoraji tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu mchoro wa Liyongo humweka mtazamaji mbele ya ncha ya mshale, mahali pa wenye mji waliokula njama. Zaidi ya hayo, mwili uliopiga goti bila kutikisika, wenye umbo la uhai usio na uhai, ndio mchoro wenyewe. Wenye mji walisimama mbele ya Liyongo kama mtu anavyosimama mbele ya picha, wakaogopa umbo.

MCHORAJI: Hilo linaleta taabu ya kiufundi inayofaa kusemwa. Kalamu haina njia ya kutofautisha Liyongo aliye hai na Liyongo aliyekufa katika goti lile, kwa kuwa karatasini wote wawili hawasogei. Msimulizi anaweza kusema kwamba amekufa, lakini mchoraji hana budi kutafuta dalili nje ya mwili: ndege aliyetua juu ya upinde, ndoo zilizoachwa chini, nyasi zilizoanza kuota kwenye njia ya kisimani kwa kukosa kukanyagwa. Mwanafunzi atakayeelewa kwamba mauti ya shujaa yanaweza kuchorwa kwa ndoo tupu atakuwa amejifunza jambo ambalo mgongo wa Siegfried hauwezi kumfundisha.

MZEE: Wanangu wamesema maneno mazuri, ila wamekwenda Ujerumani na kurudi kupitia Lamu bila kupanda mlima. Wameru husimulia kwamba walitoka Mbwaa, kisiwa kilichozungukwa na maji, walikotawaliwa na Nguuntune, jina linalomaanisha watu wa nguo nyekundu. Watawala hao waliwatega kwa mafumbo. Waliwadai watoe tunda lililotumbukizwa katika shimo refu bila kulichoma wala kulivuta, na wazee wakamimina maji shimoni hadi tunda likaelea. Waliwadai kiatu chenye manyoya juu na chini, na wazee wakakikata katika ngozi inayoning'inia chini ya shingo ya ng'ombe. Walipodaiwa mkuki wa kufika mbinguni, waliona kwamba fumbo hilo limekusudiwa kuwaangamiza, wakaondoka wakiongozwa na Koomenjue, aliyeyapiga maji kwa fimbo yakawapa njia. Waliovuka usiku wakaitwa Njiru, weusi. Waliovuka alfajiri, Ntune, wekundu. Na waliovuka mchana, Njeru, weupe.

MTAFITI: Na ikumbukwe, Mzee, kwamba baadhi ya watafiti, akiwamo mwanahistoria Jeffrey Fadiman, wameihusisha Mbwaa na kisiwa cha Manda, ng'ambo ya Lamu. Kama ndivyo, kumbukumbu ya Meru na kumbukumbu ya Liyongo zimeyatazama maji yale yale.

MZEE: Yametazamwa kwa macho tofauti. Mjerumani alikufa kwenye maji kwa kuwa peke yake na mgongo wake. Liyongo aliyafunga maji kwa mwili wake. Waliotoka Mbwaa waliyamimina maji yakawainulia tunda, wakayapiga yakawafungulia njia. Kijana akiambiwa kwamba shujaa ni mtu mmoja mwenye ngozi isiyopenyeka, ataulizwa nyumbani kama amesahau kwamba Koomenjue alikuwa mzee mwenye fimbo, na kwamba waliovuka walikuwa umati.

MWALIMU WA HISTORIA: Mzee ametoa sababu ya kuanza na Mbwaa. Umati ni somo gumu la mchoro na ni somo bora la uraia.

MCHORAJI: Upo pia mfano wa kaunti nyingine unaoonyesha kwamba kuchagua si lazima. Elimo Njau, mchoraji aliyezaliwa Kilimanjaro, alikamilisha mwaka 1959 michoro mitano mikubwa ya ukutani katika kanisa kuu la Murang'a, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Hadithi alizozichora zilitoka mbali, tangu kuzaliwa kwa Yesu hadi kusulubiwa, lakini watu, vilima na mimea yake ni ya Afrika ya milimani. Hakuikataa hadithi kwa sababu ya asili yake, wala hakuinakili kama ilivyochorwa Ulaya. Aliihamisha mahali pa kusimama. Kwa njia hiyo hiyo Siegfried anaweza kuinama kwenye kijito cha Nyambene.

MZEE: Aletwe, ainame, lakini swali lingine litabaki, nalo ni swali la kinachopaswa kuonekana. Wameru walikuwa na Mugwe, kiongozi wa baraka na maombi, ambaye padri Bernardo Bernardi aliandika kitabu kumhusu mwaka 1959. Mugwe wa Imenti alikuwa na nguvu katika mkono wake wa kushoto. Ndio uliobariki, na kwa sababu hiyo haukuonyeshwa kwa watu, ulikaa chini ya vazi lake. Mchoraji atafanyaje mbele ya mkono huo? Akiuchora, amefanya kile ambacho Mugwe hakukifanya. Akiuacha, watu watasema amesahau mkono mmoja.

MTAFITI: Mtaalamu Mwingereza Rodney Needham aliandika makala maalumu mwaka 1960 kuhusu mkono huo, akijaribu kueleza kwa nini upande wa kushoto, ambao jamii nyingi huuona dhaifu au mchafu, uliheshimiwa kwa Mugwe. Maelezo yake yalijengwa juu ya maandishi ya Bernardi. Wasomi waliujadili mkono kwa kina, lakini mkono wenyewe ulibaki ndani ya vazi.

MCHORAJI: Basi vazi ndilo linalojibu. Alichokifanya Kriemhild kwa uzi wake kilikuwa kuhamisha siri kutoka mwilini hadi kwenye nguo, na nguo ikaisaliti. Vazi la Mugwe lilifanya kinyume chake, liliupokea mkono likaunyamazia. Kijana anaweza kupewa kazi ya kuchora nguo mbili, moja iliyonyooka mgongoni na kushonwa alama, nyingine iliyoanguka kwa mikunjo mizito upande wa kushoto, ili ajifunze kwamba kivuli cha mkunjo kinaweza kueleza kilichomo bila kukifunua.

MZEE: Nguo ichorwe, mwanangu. Mkono uachiwe nguo.

Kauli hiyo haikumaliza ubishi wote, kwa kuwa Mwalimu wa historia alishikilia kwamba kila mchoro wa Siegfried unaofundishwa uambatane na habari za mwaka 1918 na matumizi yake, na Mtafiti alishikilia kwamba Liyongo atangulie kwa kuwa lugha yake hufundishwa darasani. Hata hivyo sauti zote nne zilikubaliana juu ya hoja ambayo swali la awali halikuiona, kwamba asili ya hadithi haiamui thamani ya mchoro kama inavyoamua nafasi anayopewa mtazamaji na kitu anachonyimwa kukiona. Anayechora chemchemi ya Kijerumani humsimamisha mtazamaji kwa Hagen. Anayechora kisima cha Liyongo humsimamisha mbele ya mshale. Anayechora uvukaji wa Mbwaa humwingiza katika umati ulio na maji kulia na kushoto. Katika kila hali mchoraji ameamua jambo la kimaadili kabla hajagusa wino, pale alipochagua mahali pa kuweka miguu ya mtazamaji.

Mpango uliobaki mezani ulikuwa wa karatasi tatu za ukubwa mmoja. Ya kwanza ingekuwa na mgongo ulioinama na alama ya msalaba, ya pili goti la Liyongo na ndoo tupu kando ya kisima. Ya tatu ingechorwa kwa penseli laini, nayo isingekuwa na shujaa wala silaha, bali mtu mzima aliyesimama akiwaelekea watu, mkono wa kulia ukionekana hadi vidoleni, na upande wa kushoto mikunjo ya vazi, kila mmoja ukianzia begani na kushuka bila kukatika.